Raba za Buluu Juu ya Jiwe

Picha yenyewe iko kwenye ukuta wa hoteli moja hapa Meru mjini, ukipanda ngazi kwenda kwenye vyumba vya mikutano. Ni kubwa kama mlango. Ndani yake kuna mizizi, mizizi tu, myeupe kama mifupa ya samaki, inaning'inia kutoka juu kwenye maji meusi, na chini pembeni kuna mkono wa mtu umepanua vidole. Mimi hupeleka njahi na maharagwe jikoni mwa hoteli hiyo kila Alhamisi, kwa hivyo nimewasikia wageni wakisimama hapo. "Wa! Hii ni kama ndoto," wanasema. Msichana mmoja wa ofisi alijipiga picha mbele yake na simu, ameweka mkono wake vilevile, vidole wazi, anacheka. Chini ya picha kuna kibao chenye jina la Njeru. Lakini mkono ule ni wangu, na picha ni mimi niliipiga, na siku hiyo hakuna mtu alikuwa anaota. Nilikuwa nakufa.

Nimenyamaza karibu miaka thelathini. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, na mtu wa darasa la saba akisema jambo watu huangalia kwanza viatu vyake. Lakini mwezi uliopita tulimzika Mzee M'Ikiara kule Laare, na tangu siku hiyo mambo ya mwaka ule yananijia mchana kweupe, nikiwa napima maharagwe, mpaka mteja ananiuliza, "Mama Nafaka, uko wapi?" Niko Iria. Hilo ndilo jina tuliloliita, ziwa dogo lililo juu msituni, la mviringo kama sufuria, na hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Asubuhi ukungu unalala juu yake kama maziwa yaliyoganda, na ukisimama pale unasikia vitu ambavyo huvioni: ndege akipiga mabawa, tawi likivunjika, ndovu akivuta pumzi.

Njeru alikuja huko kutoka Manyatta, upande wa Embu. Alikuwa amejifunza kuzamia Mombasa, na alikuwa anatengeneza kitabu cha picha za maji ya mlima wetu, lakini si maji ya juu ambayo kila mtu huyaona. Alitaka yaliyo chini. Alipangishwa nyumba ya mbao iliyoachwa na askari wa msitu, na mimi nilichukuliwa nipike. Nilikuwa na miaka ishirini. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Chumba kimoja kilikuwa cha kulala Njeru. Kile kingine kilikuwa cha vyombo: mitungi ya hewa imesimama ukutani kama watoto waliokosea shuleni, mavazi meusi ya mpira yananing'inia misumarini bila watu ndani, na kamera ndani ya kasha zito la chuma lenye kioo mbele. Harufu ya chumba kile naijua mpaka leo, ni mpira, petroli ya ile mashine ya kujaza hewa, na moshi wa kuni zangu. Nililala humo, ukuta wa mbao tu ukinitenga na chumba cha Njeru, na mbao hazikukutana vizuri, kwa hivyo kila kilichosemwa upande ule nilikisikia kama nimo ndani.

Msaidizi aliyekuja naye kutoka pwani alikaa wiki moja. Alisema maji ya Iria yanamuuma meno. Akaenda zake. Njeru alikuwa amekaa kwenye ngazi, uji wa wimbi unapoa mkononi, akasema bila kuniangalia, "Sasa nani atanishikia taa huko chini?" Nikamwambia mimi naweza kuogelea. Akacheka mpaka uji ukamwagika. "Kagendo, wewe? Ukizama nani atanipikia mukimo?" Lakini kesho yake aliniangalia nikivuka ziwa na kurudi, na hakucheka tena.

Sijui nitaieleza vipi mara ya kwanza. Unaingia na kichwa, na sauti zote za dunia zinafungwa. Unabaki na pumzi yako tu, inaenda inarudi, kama mtu mwingine amelala karibu na wewe. Maji ya juu ni ya kijani kama majani ya chai. Ukishuka yanakuwa ya kahawia, halafu yanakuwa rangi ambayo sina jina lake. Jua linashuka kwa fimbo ndefu, unaweza kupitisha mkono ndani ya fimbo moja ukaona vumbi la maji likicheza. Kuna miti iliyozama zamani, bado imesimama na matawi yake, na badala ya ndege kuna samaki wadogo wamekaa kwenye matawi, wanakuangalia. Maua ya yungiyungi nilikuwa nimeyaona tangu utoto, lakini sikujua yana shingo ndefu vile, yameshikilia matope chini kama mtoto anavyoshika lesso ya mama yake. Siku moja mguu wa ndovu uliingia mbele yetu, mkubwa kama pipa, taratibu, hakuna kelele, halafu mkonga ukashuka na kuanza kunywa. Njeru alinishika mkono kwa nguvu. Mimi nilikuwa nimeshika taa na sikutetemeka. Hiyo ndiyo siku aliyoanza kunifundisha kamera.

Alinifundisha kwa sababu masikio yake yalianza kuuma. Kila akishuka chini ya matawi anashika kichwa. Basi mimi nikawa ndiye wa kushuka na kamera, yeye anabaki juu juu. Filamu moja ilikuwa picha thelathini na sita, na ukishaingia huwezi kuibadilisha, kwa hivyo unajifunza kungoja. Filamu zilitumwa Nairobi na basi, na zikirudi tunatandaza picha juu ya kitanda chake, tunapiga magoti kando kama watu wanaoomba. "Hii ni gani? Nani alipiga hii?" anauliza, na mimi nasema ni mimi. "Na hii?" Ni mimi. Anaiinua picha kwenye mwanga. Halafu anasema, "Una jicho, Kagendo. Mungu alikupa jicho akasahau kukuambia." Nilikuwa na miaka ishirini. Msichana wa miaka ishirini akiambiwa hivyo na mwanamume mwenye mikono mizuri, unafikiri ataenda wapi?

Mtu wa kamba alikuwa Mzee M'Ikiara. Alitoka Laare kuja kukaa kwa binti yake karibu na msitu, na kila asubuhi alifika na kitita chake cha miraa kimefungwa na jani la mgomba, gambuti zimemfika magotini. Kazi yake ilikuwa muhimu kuliko zetu zote, ingawa alikuwa anakaa tu. Kamba ndefu ilifungwa kwenye mti, ikashuka mpaka katikati ya ziwa, na sisi tulirudi kwa kuifuata, kwa sababu ukingo wote wa Iria umefunikwa na zulia la majani yanayoelea, mazito mpaka mtu anaweza kutembea juu yake. Kulikuwa na mlango mmoja tu kwenye zulia hilo. Ukiukosa, unaibuka chini ya dari. Kwa hivyo Mzee alikaa pale kwenye mti, nyuma ya matete, ameshika kamba na vidole viwili kama anayempima mgonjwa, na sisi sote tukishatoka ndipo anaivuta nje isioze.

Siku ya kwanza Njeru alimwambia, "Mzee, ukitaka kuvuta kamba, hesabu watu kwanza. Mmoja, wawili, kama kuna mgeni, watatu."

Mzee akatoa jani mdomoni. "Nihesabu nini?"

"Watu."

"Watu wa nani? Wewe mtu wa Embu, mama yako alikuhesabu? Mwana wa mtu hahesabiwi kama mbuzi wa mnada. Ukimhesabu unamwonyesha kifo alipo."

"Mzee, hiyo ni mila ya kitambo."

"Na mimi ni wa kitambo. Ulitaka kijana, ungeenda kumtafuta kijana."

Njeru akaniangalia, mimi nikaangalia sufuria. Hata kwetu nyumbani hakuna aliyesema hesabu ya watoto wake. Ukiuliza, mtu anakwambia, "Wako tu, wanakula." Mzee akatafuna, akafikiri, akasema, "Viatu je? Viatu havina mama wa kuvililia. Wekeni viatu vyenu juu ya lile jiwe mnapoingilia. Nikiona kiatu, najua mwenyewe yuko ndani. Jiwe likiwa tupu, nyote mmeenda kukunywa chai mkaniacha, kama ilivyo tabia ya watu wa Embu."

"Na nyinyi Wameru tabia yenu ni kukasirika."

"Tunakasirika kwa sababu ya majirani."

Ikawa hivyo. Viatu vya Njeru vilikuwa vya ngozi, vya kahawia. Vyangu vilikuwa raba za buluu nilizozinunua sokoni, zimepauka. Miezi minane tuliviweka juu ya lile jiwe, na miezi minane Mzee alizunguka matete, akaliangalia jiwe, akarudi kwenye kamba. Mimi nilipenda kuziona nikitoka majini. Zilikuwa kama mtu anayenisubiri.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Tulikula ndizi za kuchemsha na nyama kidogo, nakumbuka Njeru aliniachia mfupa wenye uboho. Tukaingia. Nilishuka mpaka kwenye miti, yeye akabaki juu, halafu nikaona mapezi yake yakigeuka kuelekea mlangoni. Masikio. Hilo lilikuwa la kawaida, mimi humaliza filamu yangu ndipo nitoke. Nilikuwa na picha kama kumi na tano zimebaki. Mwanga ukaanza kupungua, fimbo za jua zikatoka moja moja kama mtu anazima taa nyumbani. Nikajua juu kunanyesha. Sikuogopa. Mvua ukiiangalia kutoka chini ni kitu kizuri sana, uso wote wa maji unakuwa sindano za fedha. Nikapiga hizo. Halafu udongo mwekundu wa msitu ukaanza kuingia, maji yakawa kama chai ya maziwa, nikaogelea kwenye kamba nirudi.

Kamba haikuwepo.

Nilipapasa nilipojua iko. Nikapapasa pengine. Nikaona labda nimekosea mti. Hewa ilikuwa imeanza kuwa nzito, kama kunyonya uji mzito kwa mrija, na hiyo ni dalili kwamba mtungi unaisha. Nikapanda juu haraka, vibaya, kitu kikapasuka ndani ya sikio langu la kushoto, na kichwa changu kikagonga dari. Majani. Nikaenda upande huu, majani. Upande ule, majani. Giza lilikuwa la kweli sasa. Kitu pekee chenye mwanga kilikuwa taa ya kamera, na haiwaki bila kupiga picha. Kwa hivyo nikapiga. Mwanga ukawaka kama radi ndogo na nikaona mizizi, myeupe, maelfu, inaning'inia kimya, na mkono wangu wa kushoto ukiivuta. Giza. Nikapiga tena. Mizizi. Nitasema ukweli, ilikuwa mizuri. Hata wakati huo sehemu fulani ya moyo wangu ilisema, tazama, Kagendo, hujawahi kuona kitu kizuri hivi. Picha ya mwisho ilinionyesha mahali ambapo mizizi imekatika kwa mviringo, na juu yake rangi ya kijivu. Ndovu alikuwa amekanyaga hapo akila majani, mguu wake ukatoboa zulia. Nikaingiza kasha la chuma kwanza, halafu kichwa. Mvua ikaninyeshea usoni. Sijawahi kunywa kitu kitamu kama mvua hiyo.

Nilitambaa juu ya majani mpaka ardhi, nikazunguka mpaka kwenye jiwe. Jiwe lilikuwa tupu. Kamba imekunjwa vizuri chini ya mti. Nikapanda kwenda nyumbani peku. Na jikoni, karibu na mafiga, niliona viatu vimewekwa vikauke. Vya kahawia viwili. Na raba zangu za buluu mbili, zimepangwa sawasawa, ndimi zimevutwa nje zipate moto.

Njeru alikuwa anamimina chai. Alipogeuka akaniona, birika likamtoka. Alizibeba kwa wema. Nataka mjue hilo, mimi si mtu wa kusingizia. Mvua ilianza, akaona raba za msichana zinalowa, akazikusanya pamoja na zake akakimbia, kama mtu yeyote anayeanua nguo kwenye kamba. Kusahau kule nilikusamehe hata kabla sijakauka. Ni yale ya baadaye nisiyoyasamehe. Alinifunika blanketi, akapiga magoti, machozi yakimtoka, akasema, "Kagendo, usiseme juu ya viatu. Wakijua, kibali cha msitu kitaondolewa na kitabu kimekufa. Jina lako litaandikwa humo, naapa, karibu na langu." Akashika mikono yangu. Sikio langu lilikuwa linatoa damu na mimi nilikuwa nafikiria jina langu likiwa limechapishwa.

Kesho yake alikuja Mwinjilisti Mwenda, aliyekuwa na kanisa la mabati pale chini. Nilikuwa nimelala, nikasikia kupitia mbao. "Ni mzee," Njeru alisema kwa upole, na upole huo ndio ninaouchukia mpaka leo. "Nilimwambia ahesabu, akakataa. Alivuta kamba msichana akiwa ndani. Si ubaya, ni mila tu." Mwenda hakwenda kumwuliza Mzee hata neno moja. Jumapili alisimama akapiga kelele, "Kuna mtu anaogopa kusema moja, mbili, na kwa sababu hiyo binti wa watu alikaribia kufa! Hilo ni giza!" Wote wakageuza shingo. Mzee alikuwa ameketi benchi la wazee wa kanisa, benchi la mbele, kofia magotini. Jumapili iliyofuata alikaa nyuma. Jumapili ya tatu hakuja.

Alikuja kwangu. Alileta kibuyu cha asali, kwa sababu kwao mtu akimkosea mwingine hamwendei na maneno matupu. Aliketi kwenye ngazi akanisemesha bila kuinua macho. "Mwari, niliangalia jiwe. Naapa niliangalia. Lakini haya macho yana miaka mingi. Pengine viatu vilikuwepo na mimi sikuviona. Nisamehe." Raba zangu zilikuwa miguuni mwangu. Angeziona kama angeinua kichwa. Nikasema, "Nimekusamehe, Mzee." Nikachukua asali. Njeru aliipaka kwenye mkate asubuhi, na mimi pia niliila, na ilikuwa na ladha ya maua ya msituni. Kwa hivyo nikitaja Njeru wa Manyatta na Mwinjilisti Mwenda, lazima nimtaje na Kagendo, aliyesamehe mtu asiye na kosa na kulamba vidole.

Mzee alirudi Laare mwezi huo. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Nilikifungua dukani, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta K ya Kagendo, mpaka jalada la nyuma bila kuiona.

Nilipopata habari za msiba nilipanda Laare mapema. Uwanja ulikuwa umejaa, wakulima wa miraa wamekuja na shughuli zao zimesimama, mahema yamefungwa katikati ya mashamba. Njeru alifika kwa gari kubwa, nywele zimekuwa nyeupe, ameshika zawadi imefungwa kwa karatasi. Ilikuwa ile picha ya mizizi, ndogo, kwenye fremu. Alipopewa kipaza sauti aliongea vizuri, bado anaongea vizuri. "Mzee alikuwa mtu wa mila zake," alisema. "Kuna siku mila hizo zilikaribia kutuletea msiba, lakini sisi tulimsamehe kabisa." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Huko nyuma mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Si ndiye yule aliyesahau msichana majini?" Miaka thelathini, na jeneza likiwa mbele yetu, bado ndiye yule.

Nikasimama. Msimamizi akasema, "Mama, haumo kwenye programu."

"Programu itangoja. Njeru, mimi ni Kagendo. Siku ile raba zangu zilitolewa na nani juu ya jiwe?"

Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni mwake, kwa hivyo kila mtu alisikia pumzi yake, inaenda inarudi, kama majini. Angeweza kusema hakumbuki. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Lakini nadhani hata yeye alikuwa amechoka.

"Kagendo," akasema, "mvua ilikuwa inanyesha."

Basi. Akaweka kipaza sauti juu ya meza, na wale waliojua habari ya jiwe wakawaeleza wale wasiojua, benchi kwa benchi, nikayaona maneno yakienda mpaka nyuma kama upepo kwenye mahindi. Sikufurahi nilivyofikiri nitafurahi. Karwitha, binti wa Mzee, mtu mzima sasa mwenye wajukuu, alinijia na kitambaa chake cha kichwa kimelegea.

"Kumbe wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Siku zote?"

"Siku zote, dada."

Nilifikiri atanipiga kofi, na ningelipokea. Akafunga kitambaa chake upya. Halafu akasema, "Unajua Baba hakuangalia viatu tena maisha yake yote. Jioni kabla ya kufunga mlango anatuita kwa majina, mmoja mmoja, kila mtu aitike. Hata sisi wakubwa. Hata wajukuu. Na miaka hii ya mwisho akili ilipoanza kupotea, akimaliza majina yetu anaongeza moja. Kagendo. Tunamwambia, Baba, hapa hakuna Kagendo. Anasema tungoje kidogo, bado hajatoka. Inabidi mmoja wetu aende nje aitike ndipo akubali kulala."

Walipomaliza kufukia nilibaki. Udongo wa Laare ni mwekundu kama ule ulioingia Iria siku ile. Njeru alikuwa ameondoka, fremu yake imeegemezwa kwenye mguu wa meza, hakuna aliyeichukua. Nilivua viatu nikasimama peku karibu na maua, nikasema kwa sauti ambayo sikio langu la kushoto halikuisikia:

"Nimetoka, Mzee. Funga mlango."